Maktaba Si Ghala

Lau mzee mmoja wa kijiji angalikodi ng'ombe wa maziwa kwa fedha za watoto wake, akamtia zizini, akapiga kufuli, akatia ufunguo mfukoni na kusafiri, majirani wangalisema nini? Wangalisema kwamba mzee huyo hana akili, au hana huruma. Ng'ombe yumo, maziwa yamo, kodi imelipwa, na wenye fedha wanalala njaa. Usicheke upesi, msomaji. Jambo la mzee huyu hutendeka katika baadhi ya vyuo vyetu kila muhula, tena hutendwa na watu wenye shahada. Ng'ombe ni vitabu na majarida ya kielektroniki yalipiwayo kwa karo. Zizi ni maktaba. Watoto ni wanafunzi. Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu, na nia yangu katika insha hii ni kusema bila kuuma maneno kwamba chuo kilipacho ada ya elimu, kisha kikamfungia mlango mwanafunzi mwenye haki nayo, hakilindi mali. Kinaiharibu.

Yamkini maktaba uijuayo wewe ni chumba chenye rafu, meza ndefu, daftari la kuazimia na muhuri wa tarehe. Kitabu cha karatasi kikinunuliwa huwa mali ya shule. Hukaa rafuni miaka thelathini. Ataazima kaka yako, utaazima wewe, na huenda ataazima mtoto wako, mpaka jalada lichakae. Kitabu cha kielektroniki hakina desturi hiyo. Aghalabu chuo hakikimiliki, hukikodi tu. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilivifuta vitabu viwili vya George Orwell katika vyombo vya kusomea vya wateja waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki ya kuviuza. Wateja wakaamka, vitabu havipo. Mwaka 2011 kampuni ya HarperCollins ilitangaza kwamba kitabu chake cha kielektroniki kikishaazimwa mara 26 katika maktaba, ruhusa yake imekwisha, na maktaba ikikitaka tena sharti ilipe tena. Majarida ya wataalamu nayo hulipiwa mwaka kwa mwaka.

Angalia basi tofauti iliyopo. Kitabu cha karatasi kisiposomwa leo chaweza kusomwa kesho, nacho hakikupungua kitu. Ruhusa ya kukodi isiposomwa leo imepotea, kama maziwa yasiyokamuliwa. Kila siku mwanafunzi anapozuiwa mlangoni ni siku iliyolipiwa bure. Kwa hiyo yule atunzaye vitu hivi hawezi kuhesabiwa mtunzaji mwema kwa sababu hakuna kilichoibwa. Katika mali ya namna hii, kutosomwa ni kuibwa.

Huenda ukauliza: mlango wa kitabu kisicho na karatasi ni upi? Milango iko ya namna tatu, nawe yakupasa kuijua kabla hujaingia chuoni. Mlango wa kwanza ni wa mahali. Kila kompyuta iingiapo katika intaneti hutambulikana kwa namba. Chuo humpa mchapishaji orodha ya namba zake, naye mchapishaji humfungulia kila aombaye kwa namba hizo. Ukiwa umeketi ndani ya ua wa chuo, mlango u wazi. Ukivuka lango ukapanda matatu, mlango umefungwa, ijapokuwa wewe ni yule yule na karo yako ni ile ile. Mlango wa pili ni wa neno moja la siri kwa chuo kizima. Neno hilo huandikwa katika karatasi, na karatasi hutiwa katika mtoto wa meza ya mtu mmoja. Mlango wa tatu ni wa mtu mwenyewe. Kila mwanafunzi hupewa jina lake na neno lake la siri; akiwa mbali hujitambulisha kwanza kwa kompyuta ya chuo, nayo kompyuta ile huwa wakili wake, humwombea kwa mchapishaji na kumletea alichokitaka. Mlango huu wa tatu si ndoto wala si jambo jipya. Programu mashuhuri ya kazi hii ya uwakili, EZproxy, ilianza kutumika mwaka 1999.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Mwanafunzi mmoja katika chuo nilichopata kufundisha alipelekwa kufanya mazoezi ya ualimu katika shule ya mbali. Akakabidhiwa darasa la watoto arobaini na wengi wao hawakujua kusoma. Waliifahamu lugha ya nyumbani kwao, bali Kiswahili na Kiingereza cha vitabu vilikuwa kwao mawe mazito. Kijana yule hakukata tamaa. Alikumbuka kwamba darasani tulitaja makala juu ya kuwafundisha kusoma watoto wa namna hiyo. Jioni akaitafuta kwa simu yake, akaiona kichwa chake, akausoma muhtasari wake, kisha akaambiwa alipe dola ikiwa ataka zaidi. Ada ya makala moja ilizidi nauli yake ya kurudi chuoni. Makala yenyewe ilikuwa katika jarida ambalo chuo kilikwisha kulilipia mwaka ule.

Akapiga simu maktaba. Karani akamjibu kwa upole kwamba neno la siri analo mkubwa wake, na mkubwa wake yuko likizoni. Akapiga tena baada ya wiki mbili. Mkubwa amerudi, lakini akasema neno la siri halitolewi kwa simu. Mwanafunzi na aje chuoni asome hapa. Aje chuoni! Safari ya siku nzima, na darasa amwachie nani? Kijana aliisoma makala ile muhula ulipokwisha, alipokuwa hana tena watoto wa kuwafundisha. Nilipomwuliza kama ilimfaa, alinijibu, "Mwalimu, ilikuwa dawa nzuri, ila mgonjwa nimekwisha kumwacha nyuma." Tangu siku hiyo siwezi kusikia neno "utaratibu" likitajwa maktabani bila kuwakumbuka watoto wale arobaini. Hawakutia saini mkataba wowote. Hawakujua kwamba duniani kuna mchapishaji wala mkutubi. Hata hivyo wao ndio waliolipa, nao hawakurudishiwa muhula wao.

Historia yetu yatufundisha kuiogopa milango ya namna hii. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa Nairobi mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya utawala wa kikoloni ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliyepita mbele ya simba wake wawili wa mawe alijua kwamba vitabu vilivyomo havikuwekwa kwa ajili yake. Tulipopata uhuru, Bunge letu lilipitisha mwaka 1965 sheria ya kuanzisha shirika la maktaba za taifa, ili elimu imfikie mwananchi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imetaja elimu kuwa haki ya kila mtu. Zamani mlango uliuliza, "Rangi yako ni ipi?" Leo mlango wauliza, "Umesimama wapi?" Sisemi kwamba maswali haya mawili yana uovu sawa, la kwanza lilikuwa dhuluma ya makusudi, la pili aghalabu ni uzembe. Walakini kwa yule asimamaye nje, mlango uliofungwa ni mlango uliofungwa. Na waliosimama nje si watoto wa matajiri wanaokaa karibu na chuo. Ni yule aliyerudi nyumbani kwa kukosa karo ya bweni, ni mama anyonyeshaye, ni mwalimu asomaye wakati wa likizo, ni kijana wa mazoezi katika shule ya mbali.

Najua nitakayojibiwa. Mgala muue na haki yake mpe. Na mkutubi naye ana haki yake, nami nitampa.

Atasema kwanza, "Mikono yetu imefungwa na mkataba. Mchapishaji amekataza wasio wanachuo wasisome." Ni kweli amekataza. Lakini mkataba huo huo, katika vyuo vingi, huwaruhusu walimu na wanafunzi wasome popote walipo, maadamu chuo kimewatambua kwa hakika. Aliyekatazwa ni mgeni, si mtoto wa nyumba. Hapa Kenya maktaba za vyuo zimeungana katika chama cha KLISC ili zijadiliane na wachapishaji kwa sauti moja na kugawana gharama. Chuo kinachokaa na wenzake mezani kujadili bei hakina udhuru wa kutojua masharti ya kile kilichonunuliwa. Mkataba na usomwe mpaka ukurasa wa mwisho kabla haujafanywa kisingizio.

Atasema pili, "Tukiwapa wanafunzi neno la siri watalieneza, na mchapishaji atatufungia chuo kizima." Hapo nasema naye pamoja. Imepata kutokea mahali pengi kwamba mtu mmoja huchota maelfu ya makala kwa usiku mmoja, na mchapishaji akaona na kukata njia kwa wote. Lakini hoja hii yamhukumu mwenye kuisema. Ufunguo mmoja wa watu elfu hauna mwenyewe. Ukipotea, hakuna wa kuulizwa. Mpe kila mtu ufunguo wake, na yule atakayeutumia vibaya utamjua na kumnyang'anya yeye peke yake, nao wengine wataendelea kusoma. Hofu ya wizi ni hoja ya kuuweka mlango wa tatu. Haiwezi kuwa hoja ya kuuficha ufunguo wa mlango wa pili.

Katika kanisa kuu la Hereford huko Uingereza viko mpaka leo vitabu vya kale vilivyofungwa rafuni kwa minyororo. Zamani hizo kitabu kilikuwa ghali mno, na wezi walikuwapo. Watu wa kale hawakuwa wapumbavu: mnyororo walioutia ulikuwa na urefu wa kukifikisha kitabu kwenye dawati la msomaji. Walimzuia mwizi bila ya kumzuia msomaji. Sisi wa zama za intaneti tumeshindwa kuupima mnyororo wetu; tumeufupisha hata msomaji hafikii.

Atasema tatu, "Fedha hazitoshi." Nani asiyejua? Hata matajiri wamelia. Mwaka 2012 baraza la walimu wa Chuo Kikuu cha Harvard liliwaandikia wenzao kwamba majarida ya baadhi ya wachapishaji wakubwa yanakigharimu chuo chao karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka, na kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha California kilivunja mazungumzo na kampuni ya Elsevier, kikakaa bila mkataba mpaka mwaka 2021. Ikiwa tembo ameona mzigo ni mzito, sungura na alalamike, sitamlaumu. Lakini ghali ya kitu ni sababu ya kukitumia sana, si sababu ya kukificha. Tena tazama jinsi hasara inavyozaa hasara. Wanafunzi wanafungiwa, hesabu ya wasomaji inakuwa ndogo, wakubwa wa fedha wanaitazama hesabu na kusema, "Kumbe hakuna asomaye," na mwaka ujao jarida linakatwa. Halafu lawama humwangukia mwanafunzi, eti kizazi hiki hakipendi kusoma!

Hilo ndilo neno la nne, nalo laniudhi kuliko yote. Mtu hawezi kukataa karamu ambayo hakualikwa. Waulize wanachuo wa mwaka wa mwisho kama waliwahi kuketishwa na kuonyeshwa majarida waliyolipiwa. Wengi wa wale niliowauliza mimi waliniambia kwamba walionyeshwa rafu, kengele ya kufunga na orodha ya faini. Asiyejua mlango ulipo hawezi kusemwa kwamba hakuutaka mlango.

Yako mambo mengine ambayo tumejinyima wenyewe bila kulazimishwa na mchapishaji yeyote. Tangu mkutano wa Budapest, ambao tamko lake lilitolewa mwaka 2002, wataalamu wengi wameyaweka maandishi yao katika intaneti yasomwe bila ada. Majarida ya Afrika yamekusanywa na AJOL tangu mwaka 1998, na mengi yake husomwa bure. Baadhi ya miswada ya Kiswahili iliyo katika chuo cha SOAS huko London, ambayo zamani kijana wa Mombasa hakuweza kuiona bila ya kuvuka bahari, imepigwa picha na kuwekwa katika intaneti. Mashairi ya pwani yetu yaliyosafiri katika makasha yanarudi nyumbani kwa njia ya hewa. Je, maktaba yako imekuonyesha njia hiyo? Na tasnifu na utafiti wa walimu wetu wenyewe ziko wapi? Katika vyuo vingi zimo kabatini, au zimo katika kompyuta isomwayo ndani ya chumba kimoja tu. Twamlaumu mchapishaji wa Ulaya kwa kufuli lake, na kufuli letu twalipaka mafuta lisipate kutu.

Basi yapasa nini? Madai yangu ni machache, na hayana anasa. Siku mwanafunzi aandikishwapo chuoni, apewe ufunguo wake wa maktaba pamoja na namba yake ya usajili, na aonyeshwe kwa vitendo jinsi ya kuutumia akiwa mbali. Pasipatikane tena neno la siri la chuo kizima katika mtoto wa meza. Ufunguo wa aliyehitimu ufungwe kwa wakati wake, ili mchapishaji asiwe na la kusema. Awepo mtu wa kujibu simu ya yule aliyekwama, hata mkubwa akiwa likizoni. Hesabu ya kilicholipwa na kilichosomwa itangazwe kila mwaka, wanafunzi waione. Na yale yaliyoandikwa na chuo chenyewe yawekwe wazi. Wala asiseme mtu kwamba nchi yetu haina ujuzi huo: KENET ilianzishwa mwaka 1999 kuviunganisha vyuo vyetu na intaneti, na kwa mpango wa eduroam mwanachuo wa chuo kimoja aweza kufungua kompyuta yake katika chuo kingine na kutambulika kwa jina lake mwenyewe. Utambulisho wake husafiri naye. Kwa nini maktaba yake isisafiri?

Naongeza onyo moja. Mlango umtambuao mtu kwa jina huweza pia kukumbuka alichosoma, na mlinzi wa mlango akiwa mdaku, msomaji hayuko salama. Mwanafunzi aweza kusoma juu ya ugonjwa wake, au juu ya siasa, au juu ya dini isiyo ya wazazi wake. Hayo si ya mkutubi wala ya mkuu wa chuo. Sheria yetu ya kulinda data ya mwaka 2019 imeweka mipaka, na maktaba njema itakuwa na mipaka zaidi ya sheria. Kujua kwamba mtu ana haki ya kuingia kwatosha.

Programu moja ya kuwatambua wasomaji itumikayo katika vyuo vingi vya dunia yaitwa Shibboleth. Jina limetoka katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, penye vivuko vya Yordani. Watu wa Gileadi walimwamuru kila avukaye atamke neno "Shibolethi," na asiyeweza aliuawa. Waliokufa walikuwa elfu 42. Chombo chenyewe ni chema, maana humtambua mtu popote alipo, lakini jina lake ni ukumbusho kwa kila ashikaye neno la kivuko. Neno la siri laweza kuwa daraja, laweza kuwa upanga. Hulka ya alishikaye ndiyo huamua.

Nawe, msomaji kijana, usidhani kwamba nimewasema wakubwa ili wewe ukae raha. Ukifika chuoni, usingoje kuitwa, nenda maktaba juma la kwanza ukaulize, "Tumelipia nini, na ufunguo wangu uko wapi?" Ukijibiwa njoo kesho, rudi kesho. Ukipewa ufunguo, usimpe rafiki, maana utakuwa umeuza haki ya wenzako. Usichote makala usizokusudia kuzisoma. Na ukisha kufunguliwa, soma, kwa maana mlango wazi usioingiwa humpa sababu ya kuufunga yule aliyetaka kuufunga tangu zamani.

Huenda siku moja nawe utakabidhiwa ufunguo, uwe mkutubi, au mwalimu mkuu, au karani wa zamu. Atakuja mtu, au atapiga simu kutoka mbali, na kwako itakuwa rahisi kumwambia arudi wiki ijayo. Kabla hujalitamka neno hilo, jiulize ni watoto wangapi wameketi nyuma yake wakimngoja.